Mshauri wa Nje na Amana ya Sadaka

(Mada iliyotolewa mbele ya kamati za misikiti ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara)

 



Tumezoea kudhani kuwa mtihani wa kikundi cha kheri ni uchache wa mali. Sisi tumeonja mtihani wa pili, nao ni mali kuja kwa wingi kabla ya watu kujiandaa kuipokea.

Kikundi chetu kilikuwa kidogo. Tulikusanya sadaka baada ya sala ya Ijumaa na kuwanunulia mayatima sare na madaftari. Kila tulichotoa kiliandikwa katika daftari moja, nalo lilikaa nyumbani kwa mtunza hazina. Tulijuana sote, na tuliowasaidia tuliwajua kwa majina.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki, na familia nyingi zikabaki bila makazi. Allah (s.w.) awape subira wafiwa wote. Waislamu wa karibu na wa mbali wakaleta unga, mablanketi na fedha, na katika wiki chache tukajikuta tumeshika mali ambayo hatukuwahi kuishika katika miaka yetu yote.

Hapo udhaifu wetu ulidhihirika. Zaka, sadaka na michango ya maafa vilikaa katika kasha moja. Hatukuwa na orodha iliyohakikiwa. Kila mjumbe aligawa kwa kadiri ya alivyojua, kwa nia njema kabisa.

Ndugu mmoja akatushauri tumwite mhasibu mstaafu kutoka nje ya wilaya, ambaye hakuwa jamaa wala jirani wa yeyote kati yetu. Alikaa nasi siku mbili, kisha akawa anarudi kila mwezi. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: "Wazee wangu, mtunza hazina akifishwa usiku huu, nani anajua kilichomo kasha hili na ni cha nani?" Baadhi ya wazee walikasirika. Walisema, "Mwanetu, sisi tunaaminiana." Naye akajibu kwa adabu kwamba hakuja kupima imani ya mtu.

Tulipolinganisha daftari na watu wenyewe hatukukuta wizi, alhamdulillahi. Tulilolikuta lilituumiza zaidi ya tulivyotarajia. Familia moja ilikuwa imepewa mara mbili. Mjane mmoja mwenye watoto, aliyekimbilia kwa ndugu zake upande wa Mbulu baada ya maporomoko, hakuwa amepata hata kilo moja ya unga. Hakuna aliyemnyima. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe amekwisha kumpelekea.

Kwa nini sisi wenyewe hatukuliona hilo? Kwa sababu katika jamii ndogo kumuuliza mzee kuhusu hesabu huonekana ni kumtuhumu, na kijana huona haya kumuuliza baba yake mdogo. Mtu wa nje huliuliza swali hilo bila kuvunja undugu. Hii ndiyo faida yake kubwa, hata kuliko elimu yake ya uhasibu.

Wako waliosema kuwa kutafuta ushauri nje ni kukosa tawakkul. Tuwakumbushe Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, hali ya kuwa wakati huo hakuwa Muislamu, kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, rai ya handaki ilitoka kwa Salman Al-Farsi (r.a.), aliyeijua mbinu hiyo kutoka kwao Uajemi. Tuzingatie pia kwamba Ibn Urayqit alionyesha njia tu. Safari ilikuwa ya Mtume (s.a.w.), na yeye hakuchagua mwisho wake.

Upande wa pili wa jambo hili nao tunaujua hapa Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalianzishwa huku kwa msaada wa Canada, katika eneo lililofikia ekari zipatazo laki moja. Mitambo ilikuja na wataalamu walikuja, lakini wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho, hata makaburi ya wazee wao yakaingia mashambani, wakalazimika kwenda mahakamani. Mtaalamu asiyewasikiliza wenyeji anaweza kuvuna ngano na kuacha dhulma. Mhasibu wetu hakujua Kiiraqw. Waliokwenda nyumba kwa nyumba na kuhakiki orodha ni dada zetu wa hapa, na bila wao maswali yake yasingepata majibu.

Kwa hiyo tunausia mambo manne.

Kwanza, mali zitenganishwe. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na aliyechangia maafa ana haki ya kujua kuwa mchango wake uliwafikia waliofikwa na maafa.

Pili, tuandike na tushuhudishe. Suratun Nisaa, aya ya 6, inatuamrisha kuweka mashahidi tunapowakabidhi mayatima mali zao. Basi asiwepo mtu anayepokea, kutunza na kugawa peke yake.

Tatu, kikundi kinapokua kijue mlango wake wa kisheria. Jumuiya za dini zina sheria yake ya usajili, na mashirika yasiyo ya kiserikali yana Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, ambayo hudai taarifa za kila mwaka. Tuulize mapema, tusisubiri kuulizwa.

Nne, mshauri awekewe mpaka. Awe na ujuzi na uaminifu, muda wake uandikwe, asishike ufunguo wala kutia saini benki, na afundishe vijana wetu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ili akiondoka kazi isisimame. Uamuzi ubaki katika shura.

Yule mjane alifikiwa, lakini baada ya miezi. Miezi ile hatuwezi kumrudishia, na tutaulizwa juu yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tulipokosea, atupe unyenyekevu wa kuulizwa hapa duniani kabla ya kuulizwa kesho Akhera, na azikubali sadaka za waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.