MAGAZIJUTO: Sarufi ya Tungo za Hesabu



Nimeombwa nizungumzie lugha, nami nitaanza na hesabu. Mtoto wa shule ya msingi hapa Makumira hukariri neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa neno hilo, 2 + 3 × 4 humpa 14, wala si 20. Lakini mpe 10 − 4 + 3. Akizifuata silabi kama zilivyopangwa, atajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha atapata 3. Jibu sahihi ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, navyo hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia.

Sisi wanaisimu tunalifahamu tatizo hili. Maana ya tungo haitokani na mfuatano wa vipashio peke yake, bali na muundo wake. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mtu akitamka “elfu mia mbili na hamsini”, je, anakusudia 250,000 au 200,050? Maneno ni yale yale. Kinachotofautiana ni mahali pa mabano yasiyotamkwa. Katika hati ya deni, utata huo una thamani ya shilingi 49,950.

Ndivyo ilivyo kwa seva inayopokea hesabu kwa njia ya maandishi. Kwake, 10 − 4 + 3 ni mfuatano wa alama tu mpaka uchanganuliwe: kutenga vipashio, kuchora matawi, kisha kukokotoa kuanzia matawi ya chini. Mwaka 1961 Edsger Dijkstra alieleza njia ya kuvipanga vipashio hivyo kwa kuzingatia hadhi zake. Baadhi ya watunga programu huikwepa kazi hii. Huikabidhi tungo ya mgeni kwa amri ya eval, iliyomo katika lugha za PHP, Python na JavaScript. Amri hiyo hukokotoa hesabu, lakini yaweza pia kutekeleza agizo la kufuta mafaili. Hapo seva imeyachukua maneno ya mtu mwingine ikayafanya kauli yake yenyewe.

Msomaji mwema, awe mtoto au mashine, huchanganua kabla ya kutii. Rai yangu kwa walimu ni kwamba MAGAZIJUTO iendelee kufundishwa, ila iongezewe sentensi moja kuhusu hadhi zilizo sawa. Nanyi mtakaotunga programu za Kiswahili, iandikeni sarufi ya namba zetu. Na penye utata, mashine iulize, isibuni.