PAMPU YA HAIDROLIKI HAIFI GHAFLA
(Mazungumzo ya fundi wa trekta mbele ya mkutano wa wanachama, yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika)



Nimepewa nafasi niseme juu ya trekta yetu, na hasa pampu yake ya haidroliki. Masika iko mlangoni na kila mmoja anauliza zamu yake ya kulimiwa ni lini. Mimi majibu ya zamu sina, hiyo ni kazi ya Katibu. Nitasema juu ya kitu kinachoweza kuzivunja zamu zote kwa siku moja.

Wengi wetu tulianzia kwenye pawatila, zile zilizokuja kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na kuendelea. Pawatila ya kushika kwa mikono haina haidroliki. Ukifika mwisho wa shamba unaiinua na kuigeuza wewe mwenyewe, kwa mgongo wako. Trekta hii ndogo inainua plau yenyewe. Dereva akivuta ule mkono ulio pembeni ya kiti, mafuta yanayosukumwa na pampu yanakwenda kwenye silinda, na silinda inapandisha mikono ya nyuma. Pampu yenyewe si kubwa, unaweza kuishika kwa mkono mmoja. Ndani mna gia mbili zimebanana, hazina nafasi ya kupitisha hata unywele. Lakini nguvu yake si ya mchezo: tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo, na pampu ya namna hii husukuma mafuta kwa baa 150 hivi. Ikifa, trekta inatembea lakini hailimi. Itabaki kuwa gari la kupanda watoto.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwenye Massey Ferguson za zamani, 35 na 135, ambazo wazee wanazijua, pampu imekaa ndani, imezama kwenye mafuta yale yale ya giaboksi na difu. Kwenye trekta nyingi ndogo za siku hizi pampu imefungwa nje, ubavuni mwa injini, nayo hunyonya mafuta kutoka nyuma kwa bomba refu. Hilo bomba la kunyonya ndilo la kuangaliwa. Nati yake ikilegea, au mpira wake ukipasuka kidogo, mara nyingi mafuta hayavuji wakati injini inafanya kazi, kwa sababu pampu inavuta, haisukumi upande huo. Badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia. Mtu anachungulia chini, anaona pakavu, anasema trekta ni nzima. Kumbe pampu inakunywa upepo.

Hewa ikiingia, mafuta yanafanya povu kama ya sabuni, na pampu inaanza kulia. Kwanza ni mluzi mwembamba, halafu inakuwa kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Hali ni hiyo hiyo mafuta yakipungua au chujio likiziba, maana pampu inavuta na haipati. Vile viputo vinapasukia kwenye chuma na kukimegua punje kwa punje, na punje hizo zinazunguka na mafuta zikikwangua kila zinapopita. Ndiyo maana nasema pampu haifi ghafla. Inalia kwanza, pengine siku nzima, pengine wiki. Tatizo ni nani anaisikiliza.

Na hapa, ndugu zangu, naomba msinikasirikie. Dereva wetu analipwa kwa eka. Akisimama ili apime mafuta, hela yake imesimama. Na huku mwenye shamba amesimama kwenye tuta na saa mkononi, na anayefuata katika zamu amekwisha kuja kuuliza mara mbili. Basi dereva anasikia mluzi, anaongeza moto, anamaliza kipande. Tukimwita mvivu kila anaposimama, tunamfundisha kuziba masikio. Napendekeza mkutano ukubali jambo moja: dereva akisimamisha trekta kwa sababu pampu inalia, siku ile alipwe kama kawaida, na asiguswe na mtu mpaka fundi aangalie. Malipo ya dereva ya siku moja huwezi kuyalinganisha na bei ya pampu, acha masika nzima inayopita.

Uchafu nao. Ardhi yetu ya huku, kuanzia Bunju mpaka Mabwepande, ina mchanga mwingi, na mchanga unakula chuma. Wazee watakumbuka habari za Kongwa, ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, jinsi udongo wa kule ulivyolika majembe na matrekta yakalala porini. Mchanga unaoua pampu ni ule usiouona. Unaingia wakati wa kuongeza mafuta, mtu anapofungua kifuniko bila kufuta vumbi pembeni, anatumia faneli iliyokuwa imelala chini, anapanguza kijiti cha kupimia kwa tambara la gunia. Na unaingia sana kwenye zile paipu za tela la kumwaga. Nimeona paipu zinaburutwa chini, vifuniko vyake vya plastiki vimepotea, halafu mtu anachomeka hivyo hivyo. Pua ya paipu ifutwe kwanza. Kifuniko kikipotea, funga mfuko safi wa nailoni, uukaze na mpira.

Maji ni adui mwingine, na sisi tuko pwani, hewa yenyewe ina maji. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo yameingiwa na maji, usilime nayo. Pipa la mafuta likisimamishwa nje, mvua inatuama juu ya mfuniko. Mchana pipa linapata joto na kupumua nje, usiku linapoa na kuvuta ndani, na maji yanapenya kwenye uzi wa kizibo hata kama kimekazwa. Pipa likae ndani. Likibidi kukaa nje, lilazwe ubavu.

Juu ya aina ya mafuta sitasema mengi. Ni yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, basi, na yanunuliwe kwenye dumu ambalo halijafunguliwa, iwe Gerezani au Mbagala. Oili chafu ni ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mafuta ya breki usiyatie kabisa, yanaharibu mipira ya ndani.

Madereva: mikono ya nyuma ikifika juu, uachie. Ukiendelea kuvuta, au ukijaribu kung'oa kisiki kwa haidroliki, utasikia mlio wa kukereketa. Hiyo ni valvu ya usalama inafunguka, mafuta yanazunguka bure na kuchemka, na mafuta yaliyochemka yanakuwa mepesi, hayalindi tena chuma. Na tafadhali, msitafute mvujo kwa kupitisha kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu ile yanatoboa ngozi. Tumia kipande cha boksi. Yakimpenya mtu, hata kama kidonda ni kama cha sindano na hakiumi, ni hospitali saa ile ile. Kabla ya kufungua nati yoyote, plau ishushwe chini na injini izimwe.

Kuna aliyeniuliza mlangoni, je, kama pampu imeshakufa, si tunafunga mpya tu? Tunafunga, lakini punje za ile ya zamani bado zimo kwenye mafuta na mabomba. Ukifunga mpya bila kumwaga mafuta yote, kusafisha mabomba na kubadilisha chujio, umeipeleka ile mpya kaburini kwa mwenzake. Hata trekta mpya ina punje zake za kuzoeana, ndiyo maana vitabu vya nyingi ya hizi ndogo vinataka chujio la haidroliki libadilishwe baada ya saa 50 za mwanzo. Chujio la karatasi halifuliwi, linatupwa. La wavu wa chuma linaoshwa kwa dizeli safi.

Kwa hiyo Kamati inaombwa kupitisha fedha za chujio moja na mafuta ya kutosha kabla ya trekta kuingia shambani. Najua kuna wanaosema tungoje mpaka baada ya masika, tukishapata za kulimia. Mafuta yaliyomo sasa yameanza kuwa meusi, nimeyaleta kwenye chupa hii, ipitisheni mwone wenyewe na mnuse.

Zikipitishwa, kazi tutaifanya Jumamosi saa 2 asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Nahitaji vijana wawili, beseni safi, na tambara za pamba zisizotoa nyuzi. Mwenye faneli yenye wavu aje nayo. Ufunguo wa stoo ya pipa ubaki kwa Katibu.