Kiti Kimoja cha Nyanza Kusini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, kabla ya kujadiliwa hoja ya kugawanya Chama)



Halmashauri imetutaka tuseme machache kabla ya kujadiliwa hoja iliyo mbele yetu, kwamba Chama hiki kigawanywe, wenyeji wa Migori wawe na chao na wenyeji wa Homa Bay wawe na chao. Kazi yetu ni ukarani, si uanazuoni. Lakini karani hujua kutunza daftari, na katika daftari la nchi yetu umo ukurasa mmoja ambao yafaa usomwe leo.

Mwezi wa Machi mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, tangu Eliud Mathu alipoingia Barazani mwaka 1944, wajumbe wa Kiafrika walikuwa wakiteuliwa na Gavana. Viti vilivyotolewa mwaka 1957 vilikuwa 8 kwa nchi nzima. Nyanza ilipata vitatu: Kaskazini akachaguliwa Masinde Muliro, Kati akachaguliwa Oginga Odinga, na Kusini akachaguliwa Lawrence Oguda.

Yafaa tufikiri juu ya upana wa kiti hicho cha Kusini. Ndani yake walikuwamo Wajaluo wa Karachuonyo, Wasuba wa Rusinga na Mfangano, Wakisii wa milimani, na Wakuria wa mpakani mwa Tanganyika. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Kisii. Mtu wa Mfangano aliyekuwa na shauri kwa Bwana Diisii alipanda mashua kwanza, kisha akashika njia ndefu ya kupanda milimani. Watu wa lugha mbalimbali walimtazama mjumbe mmoja, na mjumbe huyo hakuweza kusema, “Hao si watu wangu.”

Wala kura zenyewe hazikuwa sawa. Mtu alipimwa kwa elimu yake, kipato au mali yake, na utumishi wake, na aliyezidi katika mambo hayo aliongezewa kura ya pili, hata ya tatu. Sisi makarani tuliotoka shule za misheni tungalikuwa wakubwa siku ile! Lakini mama mwuza samaki wa Homa Bay, aliyesomesha watoto kwa ngege, angalirudishwa mlangoni asipokuwa na sifa zilizotakiwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaosifu zamani kana kwamba kila kitu kilikuwa chema. Si kweli. Ilipofika mwaka 1961 masharti yalilegezwa, na katika uchaguzi wa Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata kura yake moja.

Hata hivyo wale wajumbe 8 walifanya jambo la kukumbukwa. Walikataa kupokea vyeo vya uwaziri, wakaungana kudai viti zaidi, na mwaka 1958 vikaongezwa 6. Oguda wetu alikuwa mmoja wao. Pamoja naye alikuwapo Tom Mboya, mwenye asili ya Rusinga, ambaye hakuchaguliwa na Rusinga bali na Nairobi. Wapiga kura wa Nairobi hawakumwuliza kwao ni upande gani wa mto.

Baada ya hapo ukaja ukataji. Mwaka 1961 Kisii ikatengwa kuwa wilaya, na Nyanza Kusini iliyobaki ikapewa makao yake Homa Bay. Mwaka 1963 nchi nzima ilikatwa katika maeneo 117 ya uchaguzi, na kile kiti kimoja kikatoweka. Seneti ilipovunjwa, maeneo yakawa 158. Katika miaka ya 1990 Migori nayo ikawa wilaya, na Katiba ya 2010 ikaleta kaunti. Eneo la Migori likawa Suna Mashariki na Suna Magharibi. Kuria ikawa mbili. Kasipul Kabondo vivyo hivyo. Leo Homa Bay ina wabunge 8 wa maeneo na Migori 8. Na ukiongeza Kisii yenye 9 na Nyamira yenye 4, nchi iliyokuwa wilaya ya kale ya Nyanza Kusini ina viti 29.

Hatusemi kwamba ugawaji huo ulikuwa kosa. Ulisogeza ofisi karibu na mwananchi, na jamii ndogo, kama Wakuria, zikapata msemaji aliye wao. Aliyetembea siku nzima kutafuta sahihi ya mkubwa hawezi kuulaumu. Lakini yako mambo yasiyokatika. Mto Kuja, ambao jirani zetu Wakisii huuita Gucha, huanzia milimani kwao, hupita Migori, kisha huingia ziwani Nyatike. Mvua inaponyesha sana huko juu, mashamba ya Nyatike hufunikwa na maji. Ni mbunge yupi kati ya wale 29 atakayeushika mto huo peke yake? Kiwanda cha sukari kilichojengwa Awendo katika miaka ya 1970 kilipewa jina la SONY, ambalo ni kifupi cha Nyanza Kusini kwa Kiingereza. Wilaya ilikufa, jina likabaki kwenye mifuko ya sukari.

Sasa turudi kwetu. Chanzo cha hoja hii kila mmoja wetu anakijua, ingawa hakikuandikwa katika hoja yenyewe. Ni gari la kusafirisha marehemu. Ndugu wa Homa Bay wanasema kwamba safari ya Migori ni ndefu na hula fedha zaidi. Ndugu wa Migori wanajibu kwamba wao ndio hulipa ada kwa wakati. Tumepitia hesabu za mwaka huu, na maneno yote mawili yana ukweli kiasi. Lakini tumeona pia kwamba kila msiba ulilipiwa kwa fedha za pande zote mbili, na ya kwamba mfuko wa upande mmoja, ukisimama peke yake, ungalitosha nusu ya mwaka tu.

Kama gari ndilo linalotugombanisha, kanuni ya gari na itengenezwe: ada ya safari ihesabiwe kwa maili, na Chama kilipe sehemu iliyo sawa kwa kila familia. Tumeandika pendekezo hilo, nalo liko mikononi mwa Katibu.

Bwana Mwenyekiti, tumeleta madaftari mawili, la michango na la mazishi. Tunaomba yasomwe yote mawili, jina baada ya jina, ingawa jua limekwisha kupinda na wengine wana safari. Kisha kura zipigwe, moja kwa kila mwanachama.