Habari za Mirihi, Sayari Nyekundu



Jembe likiachwa mvuani hushikwa na kutu. Kutu ya namna hiyo ndiyo iipayo sayari ya Mirihi wekundu wake, kwa kuwa vumbi lake lina chuma kingi. Lakini wekundu ule ni wa juu tu. Mwezi wa Februari, 2013, chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity, kisichokuwa na mtu ndani, kilitoboa mwamba katika bonde la Gale, kina cha sentimita 6. Unga uliotoka ulikuwa wa kijivu, nao ulikuwa na udongo kama wa mfinyanzi, ufanyikao penye maji. Basi jangwa lile la baridi hapo kale lilikuwa ziwa. Nasi tusiihukumu nchi kwa uso wake, tuichimbe kwanza.