Namba za Damu na Uhai wa Mgonjwa wa Sirosisi: Tunachokipima na Kinachotupita



Faili la mgonjwa wa sirosisi likifunguliwa wakati wa raundi, macho ya wengi hukimbilia ALT na AST. Zikikutwa za kawaida, ndugu wa mgonjwa huambiwa ini limetulia. Naomba tuanzie hapo. Vimeng'enya hivyo huvuja kutoka kwenye seli za ini zinazoumia. Ini lililokwisha kujaa makovu halina tena seli nyingi za kuvujisha, kwa hiyo ALT ya kawaida kabisa yaweza kutoka kwa mtu ambaye hatamaliza mwaka. Anayetaka kukadiria uhai aulize ini linafanya kazi kiasi gani, kisha aulize figo zina hali gani.

Kazi ya ini huonekana katika albumini, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) na bilirubini, ila kila moja ina kasi yake. Albumini hudumu kwenye damu kwa majuma. Nusu yake huisha baada ya siku 20 hivi. Ikishuka, inasimulia mwezi uliopita. INR ni ya jana na leo, kwa sababu baadhi ya protini za kugandisha damu huisha kwa saa chache tu ini lisipozitengeneza. Zote mbili hudanganya. Albumini hushuka kwa njaa na kwa ugonjwa wa figo unaopitisha protini kwenye mkojo. INR hupanda nyongo ikiziba na vitamini K isifyonzwe, au mtu akiwa anatumia warfarini, au chupa ya sampuli isipojazwa hadi kwenye alama. Bilirubini nayo, katika nchi yenye malaria na selimundu kama yetu, hupanda kwa chembe nyekundu kuvunjika wakati ini ni zima. Kabla ya kuitumia, omba itenganishwe: iliyokwisha kuchakatwa na ini na ambayo bado.

Alama tunazozitumia kukadiria uhai zilizaliwa kwa shughuli maalumu. Child na Turcotte walipanga wagonjwa wao mwaka 1964 ili kujua nani atastahimili upasuaji wa kupunguza shinikizo kwenye mshipa mkuu unaoingia kwenye ini. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wakaondoa kipengele cha lishe, wakaweka muda wa kuganda damu, na madaraja A, B na C yakaanza kupangwa kwa jumla ya pointi. Udhaifu wa madaraja hayo mnaujua: maji ya tumboni na kuchanganyikiwa hupimwa kwa jicho, na jicho la daktari wa zamu ya usiku si la bingwa wa asubuhi.

Alama ya MELD ilitoka Mayo Clinic, ikachapishwa mwaka 2000. Inachukua namba za damu peke yake: bilirubini, INR na kreatinini. Februari 2002 Marekani ikaanza kuitumia kupanga foleni ya wanaosubiri kupandikizwa ini. Sodiamu ikaongezwa mwaka 2016, kwa kuwa mwili unaozuia maji hadi sodiamu ikashuka chini ya 130 umeshaelemewa. Mwaka 2023 likaja toleo la 3.0, lenye albumini na jinsia. Wanawake walikuwa wanaachwa nyuma: misuli yao ni midogo, kreatinini yao huonekana nzuri hata figo zikiwa zimechoka. Mgonjwa yeyote aliyekonda mikono na mapaja yumo kwenye mtego huohuo.

Tuchukue mfano. Mgonjwa ana bilirubini miligramu 3 kwa desilita, INR 1.8 na kreatinini 1.0. MELD yake, kwa toleo la awali lisilo na sodiamu, ni 17. Baada ya siku chache kreatinini imefika 2.0, mengine yako palepale. Sasa ni 24. Katika takwimu za waliokuwa kwenye foleni ya Marekani, zilizochapishwa mwaka 2003, walio kati ya 10 na 19 walifariki asilimia 6 ndani ya miezi mitatu; kati ya 20 na 29 walikaribia asilimia 20. Ini halikubadilika. Ni figo, na mara nyingi nyuma ya figo kuna diklofenaki ya duka la dawa, dawa za kukojoza zilizozidishwa, au maambukizi kwenye maji ya tumbo ambayo hakuna aliyeyavuta kwa sindano kuyapima.

Hapo ndipo naona faida ya alama hizi kwetu. Foleni ya ini jipya haipo kwa wagonjwa wetu walio wengi. Kwetu, alama inayopanda ituamshe kutafuta sababu inayotibika: maambukizi, kuvuja damu kwa siri, pombe, homa ya ini aina B isiyoanzishiwa tenofovia. Na isiposhuka baada ya hayo yote, basi ni wakati wa kukaa na familia kabla mgonjwa hajashindwa kusema anachotaka.

Kanda ya Ziwa ina jambo lake, na hili nalisema kwa mkazo. Kichocho cha tumbo huacha makovu kuzunguka matawi ya mshipa unaoingia kwenye ini, huku seli zenyewe zikibaki salama. Mvuvi mwenye bandama iliyofika kitovuni aweza kutapika damu beseni zima, na siku hiyohiyo albumini, bilirubini na INR zake zisiwe na kasoro kubwa. MELD yake yaweza isizidi 8. Anayemrudisha nyumbani kwa sababu ya namba hiyo amepima ugonjwa mwingine. Kwa mgonjwa huyu angalia chembe sahani, ambazo hushuka kwa kuwa bandama huzizuia, kisha ultrasaundi, kisha umio kwa endoskopi. Kanuni ya mkutano wa wataalamu wa Baveno wa mwaka 2015, ya kuahirisha endoskopi chembe sahani zikizidi 150,000 na ugumu wa ini ukiwa chini ya kilopaskali 20, ilitungwa kwa sirosisi. Isihamishiwe kwenye kichocho bila kufikiri.

Kwa wenzetu wa maabara: andikeni kipimio kando ya kila namba. Kreatinini ya maikromoli 88 kwa lita ni sawa na miligramu 1.0 kwa desilita, na kikokotoo cha simu hakijui umeingiza ipi. Kwa madaktari, napendekeza kila faili la sirosisi liwe na karatasi moja yenye safu tano, bilirubini, INR, albumini, kreatinini na sodiamu, zikiandikwa kwa tarehe. Wodi isiyo na uwezo wa kupima INR ianze na nne zilizobaki.