Mpango Ulioandikwa kwa Penseli
(Hotuba kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mambo ya Chuo Kikuu yaweza kuonekana kuwa mbali na kahawa na pamba. Hata hivyo yaliyotokea Mlimani, Dar es Salaam, kila katibu wa chama cha msingi atayatambua mara moja: watu kusomewa mpango uliokwisha kuamuliwa, kisha kutakiwa waukubali kwa makofi.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliokemea majivuno na ubwana wa viongozi na kutaka wananchi washirikishwe katika mipango inayowahusu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo hakikuwa kimetimiza hata mwaka tangu kiwe Chuo Kikuu kamili, Julai 1970. Wanafunzi waliusoma Mwongozo, wakauliza kwa nini mambo ya Chuo yaamuliwe bila wao. Julai 1971 rais wa chama chao, Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Akafukuzwa, polisi wakaingia Mlimani kumwondoa, akarudishwa kwao. Wenzake wakakusanyika kupinga. Baada ya msukosuko huo uwakilishi wa wanafunzi na wafanyakazi katika kamati za Chuo uliongezwa. Jambo lililoombwa kwa barua likapatikana kwa hasira.

Lakini kiti katika kamati si ushirikishwaji. Mjumbe apewaye makabrasha asubuhi ya kikao, yenye hesabu zilizokwisha kufungwa, hana la kufanya ila kuinua mkono. Jina lake litaandikwa katika muhtasari, na atakaporudi kwa waliomtuma hataweza kuwaeleza kwa nini fedha zimekwenda huku zisiende kule. Mpango wa namna hiyo hauna mtu wa kuutetea siku mambo yaharibikapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha zikiwa haba na majengo yakichakaa, Chuo hicho, chini ya Profesa Matthew Luhanga, kilianza mpango mkubwa wa mageuzi. Safari hii ilifanywa mikutano ya mashauriano ya kila mwaka, ambamo waliohusika walielezwa yaliyotimizwa na yaliyoshindikana. Ugomvi haukwisha, uchangiaji wa gharama za masomo ulipingwa vikali na wanafunzi miaka hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba palikuwapo na mahali pa kurudia na kuuliza, na hilo si jambo dogo.

Wito wa Chuo hicho ni Hekima ni Uhuru. Ni maneno mazuri, lakini uzito wake hupimwa siku ya kugawa fedha zisizotosha: maktaba au mabweni? Wakiulizwa wote, wito umefanya kazi. Wakiulizwa wachache, umebaki nembo. Vivyo hivyo kwa vyama vyenye kanuni ya mwanachama mmoja kura moja. Wanaushirika hawahitaji kufundishwa uchungu wa kutoulizwa: mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa pasipo wanachama kutoa kauli, na ilibidi kungoja Sheria ya 1982 ndipo njia ya kuvirudisha ikafunguliwa.

Kwa hiyo yafaa rasimu ya mpango wa chama isomwe vijijini wakati hesabu zake bado zimeandikwa kwa penseli, kabla ya kamati kuzipitisha wala karatasi kupigwa chapa. Gharama ya ghala itajwe, na deni la pembejeo litajwe, hata kama latia aibu. Mwanachama asiyejua deni hawezi kuchagua baina ya ghala na lori.

Jambo la mwisho ni la makatibu, na ndilo husahaulika zaidi. Mapendekezo yaliyokataliwa yaandikwe katika muhtasari pamoja na sababu ya kukataliwa, na ukurasa huo usomwe kwanza katika mkutano mkuu unaofuata, kabla ya taarifa ya mapato.