Ndege wa Saanane na Bustani Yetu

(Mazungumzo katika semina ya viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana, Mwanza)



Tumepewa nafasi ya kueleza safari ya Kisiwa cha Saanane. Tunajua baadhi yenu mmeuliza kama ofisi ya miradi imekosa kazi hata ikaenda kupiga picha za ndege. Swali hilo ni la haki. Tutalijibu, ila tuanzie kisiwani.

Wengi wenu mnakiona kila mpitapo Capri Point na hamjawahi kuvuka. Kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makao pale. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo, kilometa za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na kwa boti ni dakika chache tu.

Tulivuka mwezi Machi na vijana wa kipaimara, tukiwa na kamera moja ya ofisi na simu za mkononi. Machi tuliichagua kwa makusudi. Ulaya baridi inapungua, na mbayuwayu waliokaa kwetu miezi hii wanaanza kurudi huko kuzaa. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, naye anavuka jangwa la Sahara! Nabii Yeremia, sura ya 8 mstari wa 7, anamtaja pamoja na korongo kuwa anajua majira yake, na hapo hapo anawalaumu watu wa Mungu. Mstari huo tuliusoma kwenye boti, bila kujua kwamba utatugeukia sisi wenyewe.

Saa ya kwanza hatukupata picha hata moja. Vijana walikimbia huku na huku, ndege wakaruka. Ndipo tukakaa kwenye jiwe, jua likiwa mgongoni, kimya. Mdiria mweusi na mweupe akaja, akasimama hewani juu ya maji akipiga mabawa, kisha akajitupa kama jiwe. Kijana mmoja, akikuza picha zake, aligundua kwamba wengine wana mistari miwili myeusi kifuani na wengine mmoja. Wenye miwili ni madume. Sisi watu wazima tumekua na ndege hawa tangu utoto na hatukuwahi kuliona hilo. Furukombe naye tulimsikia kabla ya kumwona, kichwa cheupe amekirudisha nyuma akilia.

Sasa bustani. Vijana waliporudi waliomba waendelee kupiga picha ufukweni kwetu, palipo na bustani ya mboga ya kikundi. Ofisini tulikuwa na picha ya siku ya uzinduzi, ile tuliyowapelekea wahisani. Nyuma ya akina mama kuna ukuta wa mafunjo, na viota vya kwera vinaning'inia. Vijana wakasimama pale pale, wakapiga. Picha yao ina matuta ya mchicha hadi majini, na maji ni ya kahawia.

Mafunjo yale tuliyakata sisi. Kwenye taarifa tuliandika "kusafisha eneo". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo tumeifundisha wenyewe katika semina kama hii. Tuta la kwanza halifiki hata mita 5.

Mama mmoja wa kikundi alituambia, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba ndege halipi ada ya shule. Hatuna jibu jepesi. Kurudi nyuma mita 60 ni kubeba ndoo umbali huo, mara nyingi kila jioni, na anayebeba ni mama, si mratibu wa mradi. Lakini akina mama hao hao wanakumbuka mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kiasi: matuta ya chini yalizama yote, mbegu na mbolea vikaenda. Mafunjo huzuia udongo usiingie majini na huwaficha samaki wachanga, na samaki tunaokula hapa wanatoka ziwa hilo hilo.

Tunapendekeza matuta ya chini yaachwe msimu huu, mafunjo yaote tena, na mengine yahamishwe kidogo kidogo. Pampu ya kukanyaga tumeiombea fedha. Haijaidhinishwa, kwa hiyo hatuiahidi. Kosa la kuchagua eneo lilikuwa letu ofisini, na nguvu kazi ya kuhamisha tutaichangia sisi pamoja na vijana.

Kikundi kinakutana Jumatano saa tisa alasiri pale pale bustanini. Tutakuja na futi kamba na picha zote mbili.